Mota ya Mbio na Mota ya Nguvu

Mwanapili si mtu wa kubabaika dukani. Yeye huingia, huonesha kwa kidole, huteta bei mpaka muuzaji achoke, hulipa akenda zake. Watu wa Paje wanamjua hivyo, na wenye maduka ya Darajani wanamjua zaidi. Lakini asubuhi ile, ndani ya kiduka chembamba cha Ridhwan kinachouza vipuri vya simu na michezo ya watoto, alisimama mbele ya mota mbili ndogo zilizowekwa juu ya kioo cha meza, asiweze hata kunyanyua mkono. Zilikuwa sawasawa kwa umbo, kila moja kadiri ya kikopo kidogo cha nyanya, na kila moja ina waya mwekundu na mweusi zinazotoka nyuma. Ukizichanganya huwezi kujua ipi ni ipi.

"Hii ya kulia," Ridhwan alisema, "waya wake wa ndani umezungushwa mara chache. Hiyo ni ya mbio. Ukiigusa tu, gari lishapotea. Hii ya kushoto imezungushwa waya mwingi. Haina mbio, inatambaa, lakini ina nguvu. Zote zinaingia kwenye gari lako. Sasa inategemea anayeliendesha anataka nini. La mjukuu?"

"La mume wangu."

Ridhwan ni kijana mwenye adabu. Hakucheka. Alipangusa kioo kwa kitambaa ingawa hakikuwa na vumbi, kisha akasema, "Basi si umuulize mwenyewe, mama? Mie nikikuchagulia utakuja kunilaumu bure."

Umuulize mwenyewe. Lo, maneno mepesi hayo kwa asiyejua. Mwanapili alitamani akae pale pale sakafuni, acheke au alie, lolote litakalotangulia.

Mumewe, Jecha, alikuwa dereva wa lori la mawe. Ujana wake wote na kipande kizuri cha utu uzima wake kimeishia kati ya machimbo na viwanja vya watu, akibeba mawe ya kujengea nyumba za wengine. Alfajiri moja, akitoka kutia udhu, alianguka mlangoni. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa ganzi, na ulimi nao ukaenda. Hospitali walisema huenda akarudi, huenda asirudi, Mungu ndiye ajuaye, na mazoezi yafanywe. Mazoezi yakafanywa. Kilichorudi ni neno moja tu, naam.

Na hilo lilikuwa neno lake khasa. Jecha alikuwa na adabu ya kizamani. Umwite yuko uwani, umwite yuko chini ya lori na uso umejaa girisi, atakuitikia naam, hata kama wewe ni mdogo kwake. Siku neno hilo liliporudi, Mwanapili alilia kwa furaha, akatoka mbio kumwita wifi yake Bi Sumaiya aje asikie. Kisha akarudi kitandani akamuuliza mumewe, "Unataka maji?" Akajibu, "Naam." "Nikufungie dirisha?" "Naam." "Au niliache wazi?" "Naam." Mwanapili alibaki ameshika komeo, dirisha nusu wazi nusu limefungwa, na furaha yote ikamtoka.

Tangu hapo maisha yake yakawa ya kubahatisha. Chai ya maziwa au ya rangi? Naam. Unaumwa? Naam. Huumwi? Naam. Daktari alimwambia kuwa mgonjwa anasikia na anaelewa, ila ulimi umebaki na neno hilo moja na litatoka kila mara, apende asipende. Mwanapili angeona afadhali kama asingeelewa. Kumjua mtu yumo ndani mzima, na wewe nje unagonga tu, hilo lilimkondesha kuliko kumgeuza na kumwosha.

Kilichomtoa Jecha ndani ni gari hilo hilo la kuchezea. Binti yao Khairiya anafanya kazi kwenye hoteli moja Kendwa. Mgeni mmoja mwenye ndevu nyeupe alikuwa akija na kigari chake cha kuendeshwa kwa rimoti, wala si cha kukimbizana barabarani, bali cha kupanda mawe. Kina matairi manene yenye meno, na kila gurudumu lina springi yake, hata moja likiwa juu ya jiwe na jengine shimoni gari bado limetulia. Siku ya kuondoka mizigo ilimzidi uzito, akamwachia Khairiya, na Khairiya akaja nacho nyumbani.

"Baba yako mgonjwa, unamletea michezo ya watoto," Mwanapili alimteta. "Watu watatuonaje?"

Lakini Jecha alikwishanyoosha mkono wake mzima, wa kushoto. Alilishika gari akalipindua, akatazama chini yake, akasukuma springi kwa kidole, akazungusha gurudumu moja na kuangalia kama la upande wa pili linafuata. Mwanapili alikuwa hajamwona akitazama kitu namna ile tangu aanguke.

Nyuma ya nyumba yao kuna rundo kubwa la mawe. Jecha mwenyewe aliyaleta, kidogo kidogo, kila lori lilipobaki na nafasi, ili aongeze vyumba viwili. Vyumba havikujengwa, na kuku walikuwa wakitagia humo. Rundo hilo ndilo likawa mlima. Makungu, mdogo wake Jecha, fundi wa pikipiki, akaifunga rimoti juu ya kibao cha kukatia mboga kwa vipande vya mpira wa tairi, ili kaka yake aweze kuiendesha mapajani kwa mkono mmoja. Ikawa kila asubuhi, Mwanapili akimaliza kumwosha, Jecha anamvuta kanga na kutazama mlango. Hapo hakukuwa na kubahatisha. Akitolewa akawekwa kwenye kiti chake uwani, analiendesha gari mpaka betri iishe. Chakula akila kwa mkono wake, na siku gari lilipoanguka likatua kwa matairi yake, alicheka, kicheko cha upande mmoja wa uso, lakini kicheko. Mwanapili alikuwa akienda pwani kwenye shamba lake la mwani na roho yake imetulia.

Ndipo mota ikaungua. Kikamba cha kufungia mwani kilikuwa kimeanguka uwani, kikajizungusha kwenye ekseli, Jecha akazidi kubonyeza, na moshi ukatoka. Makungu alifungua, akanusa, akatikisa kichwa. Siku ile Jecha alipolazwa kitandani aligeukia ukutani. Ukimpa uji anakunywa kijiko kimoja, vyengine anaacha vimwagike. Ukimwita anaitikia, lakini hageuki. Wiki ilipokatika hali ni hiyo hiyo, Mwanapili akajifunga buibui lake, akamwachia Bi Sumaiya mgonjwa, akaja mjini. Huyo ndiye aliyesimama mbele ya kioo cha Ridhwan, na mota mbili.

Akapiga simu. Bi Sumaiya akaipokea, akaiweka sikioni kwa kaka yake kama alivyoambiwa.

"Baba Khairiya," Mwanapili alisema, taratibu, kwa sauti ambayo Ridhwan alijifanya haisikii. "Nipo dukani. Ziko mota mbili. Unataka ya mbio?"

"Naam."

"Au unataka ya nguvu?"

"Naam."

Akakata simu. Ridhwan alikuwa amesikia yote na ameelewa, kwani alizifunga mota zote mbili kwenye gazeti, kila moja mbali, akaandika juu ya gazeti kwa kalamu, moja mbio na moja nguvu. "Chukua zote, mama. Atakayoitaka ibaki, nyengine utanirejeshea. Na mie nikwambie kweli, sijawahi kulipandisha gari hilo mawe. Najua wengi wanaonunua hapa wananunua ya mbio."

Mwanapili alirudi Paje na maneno hayo ya mwisho kichwani. Alifika, hata buibui hakuvua, akakaa kando ya kitanda, akaziweka mota mbili juu ya shuka mbele ya mkono wa kushoto wa Jecha. Alikwishalifikiria hilo njiani. Kama mdomo hauwezi kusema, mkono utachagua.

Jecha aligeuka. Aliitazama ya kwanza, akaitazama ya pili. Akaichukua moja akaizungusha ncha yake kwa kidole gumba, akaiweka. Akaichukua ya pili akafanya vile vile. Kisha Jecha akazikusanya zote mbili kifuani pake, akaweka mkono juu yake, akafumba macho. Alikuwa amefurahi kwamba gari litapona, basi. Ipi ni ipi hakujua, kwa sababu ukiziona tu kwa nje huwezi kujua, na gazeti lenye maandishi Mwanapili, kwa pupa yake, alikwishalitupa.

"Nishakwambia," Bi Sumaiya alisema kutoka mlangoni. "Huyu umchagulie wewe. Mkewe nani?"

Makungu alipokuja, na Makungu hana hata siku moja aliyokosa la kusema, yeye hakuona tatizo lolote. Aliziunga mota kwa zamu kwenye betri, akasikiliza ipi inalia kwa sauti nyembamba, akainyanyua juu. "Hii, shemeji. Hii ndiyo ya mbio. Mtu miezi yote hii kalala chali, unataka umpe kitu cha kutambaa? Kutambaa si anatambaa mwenyewe? Mpe kitu kiruke."

"Na ile ya nguvu?"

"Ile ya wazee."

"Na kaka yako kijana?"

Makungu akacheka, lakini maneno yake yalimwingia Mwanapili. Pwani alipowauliza wenzake wa mwani, wakiwa wameinama majini, wote walisema hayo hayo. Mume wako anataka mwendo, mwenzangu, nani asiyetaka? Na Mwanapili, kusema kweli, alichoka. Alichoka na nyumba ambayo kila kitu ndani yake kinakwenda kwa kusukumwa, mgonjwa wa kugeuzwa, uji wa kijiko, hatua moja ya mazoezi na kupumzika. Alitaka aone kitu kimoja tu mle ndani kinakwenda mbio. Akasema, "Haya, funga hiyo." Ile ya nguvu akampa jirani aliyekuwa akienda mjini, amrejeshee Ridhwan na salamu za shukurani.

Siku ya kulijaribu, Jecha alijivuta mwenyewe kukaa kabla hajashikwa. Alivuta kanga. Alitolewa uwani akakalishwa, kibao kikawekwa mapajani, na mkono wake ukaenda mahali pake bila kutafuta. Makungu aliliweka gari chini ya rundo, akarudi nyuma, mikono kiunoni. Bi Sumaiya alitoka jikoni na upawa mkononi.

Jecha akabonyeza. Gari likaruka. Halikupanda, liliruka, likagonga jiwe la kwanza kwa pua, likarudi nyuma chali, magurudumu yanavuma hewani. Makungu akapiga makofi, akaligeuza. Mara ya pili Jecha alijaribu kubonyeza kidogo sana, akijizuia, lakini gari lile halikuwa na kidogo. Ama limesimama, ama limefyatuka. Liliruka tena, likafika jiwe la pili, likapinduka, likabiringika mpaka miguuni pa Bi Sumaiya. Mara ya tatu magurudumu yalizunguka juu ya jiwe pale pale, yanachimba unga mweupe, na mota ikaanza kunuka.

"Kaka bado hajaizoea," Makungu alisema. "Ina mbio kuliko kidole chake."

Jecha aliutazama mkono wake, si gari, mkono. Kisha ukateleza kutoka kwenye rimoti, ukaanguka kando ya kiti, ukabaki unaning'inia. Mwanapili aliunyanyua akaurudisha. Ukateleza tena.

"Hutaki?" alimuuliza.

"Naam."

"Au umechoka tu?"

"Naam."

Siku ya pili mkono haukushika kijiko. Walimpeleka hospitali, na daktari kijana akamgusa gusa, akampiga kinyundo, akasema huenda amepata kiharusi chengine, kidogo, na huenda si kiharusi, wagonjwa wengine huvunjika moyo. Mwanapili alimtazama daktari huyo akatamani amtikise. Mkono hauwezi au hautaki? Daktari akasema hilo ni gumu kulijua. Basi nani anayelijua?

Alirudi nyumbani na hatia ambayo hakuwa na pa kuiweka. Kama ni kiharusi, kimekuja chenyewe. Kama si kiharusi, ni yeye. Jioni, akimlisha, alimuuliza kwa sauti ndogo, "Umenikasirikia?" Jecha akasema naam. "Hujanikasirikia?" Naam. Akampangusa mdomo kwa ncha ya kanga, akatoka nje, akalia nyuma ya rundo la mawe, mahali ambapo wifi yake asingemwona.

Kumbukumbu ilimjia pwani, siku kadhaa baadaye, maji yametoka na yeye anarudi na gunia la mwani mbichi kichwani. Kuna mahali pale lazima upite juu ya mwamba wenye meno. Wenzake walikuwa mbele wanamwita afanye haraka. Akaona miguu yake yenyewe inapapasa, inakanyaga, inasubiri, kisha ndiyo inahamisha uzito. Na papo hapo akamwona Jecha, kijana, siku aliyompakia kwenye lori wao wawili tu, ndoa yao haina hata mwezi.

Walikuwa wakitoka machimboni na mzigo. Njia ilikuwa mteremko wa mawe matupu. Jecha alisimamisha lori, akashuka, akenda mbele kwa miguu, akagusa kila jiwe kwa kisigino, akarudi, akapanda, akalipitisha gurudumu moja baada ya jengine, taratibu mno hata yeye bibi arusi akaona aibu. Nyuma yao malori yalikuwa yanapiga honi. Alimwambia afanye upesi, watu wanangoja. Jecha hakugeuka. "Waache wapige," alisema. "Chesisi yangu mie, si yao." Na alipofika chini salama alikuwa na uso wa mtu aliyeshiba. Maisha yake yote Jecha alikuwa akichelewa kurudi, na maisha yake yote Mwanapili alikuwa akimteta kwa kuchelewa. Alilijua hilo kuliko jina lake. Na siku alipoulizwa, mume wako anataka ya mbio au ya nguvu, alikwenda kuuliza watu pwani.

Alilitupa gunia pale pale. Wenzake walidhani amekatwa mguu na gamba la kombe.

Ridhwan alipomwona anaingia alijua. Mota ya nguvu ilikuwa bado ipo, kwani nani wa kuinunua. Makungu aliifunga akinung'unika kuwa shemeji yake hajui anachokitaka. Asubuhi yake alimwosha Jecha, akamvisha kanzu safi. Jecha hakuvuta kanga. Akamtoa hivyo hivyo, akamkalisha uwani, akamwekea kibao mapajani na kuupanga mkono wake juu ya rimoti, kidole kwa kidole.

"Hii nyengine," alimwambia. "Hii ndiyo yako. Nsamehe nilichelewa."

"Naam," alisema Jecha, na mkono ukateleza.

Aliupanga tena. Ukateleza. Akaupanga mara nyengine, akaushikilia kwa mkono wake, akabonyeza kidole chake juu ya kidole cha mumewe, na hapakuwa na nguvu yoyote upande wa pili. Alikaa chini kando ya kiti. Jua lilikuwa linapanda, na kuku walikuwa wamesharudi kwenye mawe. Mota aliyokuwa akiitaka ndiyo hiyo, ipo, inafanya kazi, na wa kuiendesha ndiye asiyekuwepo tena. Kisha, kwa kuwa hakuwa na jengine la kufanya, akakichukua kibao akakiweka mapajani pake.

Alikuwa hajawahi kuendesha kitu. Akabonyeza. Gari likanguruma chini chini, likajikokota mpaka jiwe la kwanza, likagusa, likasimama likimngoja. Mwanapili hakujua alipitishe wapi. Akageuka kwa mazoea, akauliza, "Kushoto?"

"Naam."

"Kulia?"

"Naam."

Alikaribia kukirusha kibao ukutani. Lakini alikuwa bado anamtazama, na akaona macho ya Jecha hayapo kwake wala hayapo kwenye gari. Yalikuwa mbele kidogo ya gari, upande wa kulia, juu ya jiwe bapa lenye ufa. Yamekazana hapo. Mwanapili akageuza magurudumu kulia, akabonyeza. Gari likapanda jiwe bapa, springi moja ikanywea, nyengine ikanyooka, likatulia. Akamtazama. Macho yalikwishahama, yalikuwa kwenye pengo kati ya mawe mawili. Akalipeleka kwenye pengo.

Asingeweza kwa ile mota ya mbio. Ile ilikuwa haikupi nafasi hata ya kukohoa. Hii ilimwacha atazame jiwe, amtazame mumewe, arudi kwenye jiwe, na gari bado linapanda hatua kwa hatua, halikasiriki, halirudi nyuma. Alikosea mara mbili, na mara zote mbili macho yalimngoja mahali pale pale mpaka aliporekebisha. Machozi yalikuwa yanamshuka na hana mkono wa kuyapangusa. Miezi yote hiyo aliuliza mdomo, akauliza na mkono. Macho alikuwa akiyaosha tu kila asubuhi.

Gari likafika juu kabisa ya rundo. Bi Sumaiya alikuwa mlangoni, upawa mkononi kama siku ile. "Umefika, Baba Khairiya," Mwanapili alisema. "Umefika juu."

Lakini macho ya Jecha hayakukaa juu. Yalishuka upande wa pili wa rundo, jiwe kwa jiwe, na Mwanapili akalishusha gari. Yakavuka uwa. Yakafika kwenye pengo la ukuta ambapo lori lilikuwa likipita zamani, na Mwanapili akalipitisha hapo. Yakashika kijia cha kwendea barabarani. Gari likajikokota kwenye kijia, dogo sana sasa, likatikisika, likasimama. Akabonyeza, hakuna kitu. Rimoti haifiki mbali namna hiyo.

Macho ya Jecha yalikuwa yameshalipita gari. Yalikuwa barabarani, kule inakopinda kuelekea machimboni, na yalikuwa yanangoja.

"Haifiki, mume wangu," Mwanapili alisema. "Mwisho wake hapa."

"Naam."

Aliweka kibao chini, akatoka kulifuata gari. Aliliokota, na mota yake ilikuwa na joto kidogo kiganjani. Akageuka kumwangalia kupitia kwenye pengo la ukuta. Macho yale hayakumwambia arudi. Yalimpita begani, yakaenda mbele. Lori lilikwishauzwa, mtu wa kumbeba Jecha hakuwepo, na hata angebebwa, machimboni angekwenda kufanya nini? Mwanapili akapiga hatua chache kuelekea barabarani na gari mkononi, kwa sababu hilo ndilo macho yalilotaka, na hakuwa na jengine la kumpa. Akapiga nyengine chache. Mbele kidogo ya hapo asingeweza tena kumwona, wala yeye kuonwa.

Akasimama. Akamwita kwa jina lake, jambo ambalo hakulifanya tangu Khairiya azaliwe.

"Jecha."

"Naam," alimwitikia kutoka uwani.